Kufuli Letu Ni la Nia Njema

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupitia Muswada wa Marekebisho ya Sheria za Ukahaba na Biashara ya Kusafirisha Watu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFUNGU CHA NNE, NA OMBI LA KUKIFUTA KABLA HAKIJALETA MADHARA KWA WATU WEMA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mtu mzima, mkurugenzi na mwanzilishi wa makazi ya akina dada waliookolewa kutoka kwenye biashara ya kuuza miili yao. Hapa kila mtu ananiita Mama Mlezi, hata wanaonizidi umri, na sijawahi kuwakataza. Kulalamika si tabia yangu. Wanaonijua watakwambia kwamba mtu akinikanyaga, mimi ndiye ninayeomba radhi kwa kuweka mguu mahali pabaya. Lakini muswada wenu nimeusoma, nikaurudia nikiwa nimekaa chini, na nimeona nikinyamaza nitapasuka.

Niseme mapema kwamba nia yenu ni nzuri. Nani asiyejua wasichana wanavyodanganywa? Anakuja wakala na shati lake limenyooka, maneno yake asali tupu, anaahidi kazi ya dukani mji wa mbali. Binti anafunga virago akijua anakwenda kupima vitambaa, akifika anafungiwa chumbani na kuambiwa kazi ni nyingine. Jamani! Hayo mambo nimeyalia kwenye mikutano mingi, mingine yenye wakalimani. Na nyinyi mnasema mwanamke asikamatwe tena, akamatwe yule aliyemdanganya, aliyemsafirisha, aliyemfungia na aliyemlazimisha. Mpaka hapo tuko pamoja, bega kwa bega.

Kinachonikera ni kwamba aliyeandika kifungu cha nne hakutuuliza sisi tulio kazini. Amejikalia zake akaorodhesha dalili za mtu anayeshikiliwa kwa nguvu: mlango unaofungwa kwa nje, vitambulisho kushikwa na mtu mwingine, simu kunyang'anywa, kazi asiyoichagua, na kukatazwa kuondoka. Mheshimiwa, nilipofika mwisho wa orodha ile jasho lilinitoka. Ameieleza nyumba yangu! Angekuja na kamera asingeieleza vizuri zaidi. Kwa heshima zote, basi, naomba niyapange malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Kuhusu kufuli. Ni kweli chumba chetu cha kushonea kina kufuli, na ni kweli liko upande wa nje. Lakini kufuli la wakala ni la ubaya, na letu ni la nia njema. Lile linamzuia binti asikimbie. Letu linamsaidia asipate kishawishi cha kukimbia. Tena letu tumelipaka rangi ya samawati, na mgeni mmoja wa kujitolea akalichorea ua. Kifungu chenu hakikugusia rangi hata kidogo, na mimi naona huo ni uzembe wa kisheria.

Hapa inabidi nikueleze utaratibu wetu, usije ukadhani tunafunga ovyo ovyo. Tunaye mlinzi ambaye sote tunamwita Sajenti, ingawa hajawahi kuwa askari hata siku moja. Kazi yake ni kuzunguka, na akikuta kufuli limeachwa wazi, alifunge hapo hapo na kuondoka na ufunguo. Zamani alikuwa akifungua nikimwagiza kwa sauti tu. Utaratibu huo ulikufa kwa sababu ya dada mmoja tunayemwita Kasuku. Huyu Kasuku ana kipaji ambacho sijui Mungu alikuwa anafikiria nini alipompa: anaiga sauti ya mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, na maneno ya mtu akiyasikia mara moja hayamtoki. Siku moja akasimama nyuma ya mlango akaita kwa sauti yangu, “Sajenti, fungua upesi, mimi si mtu wa kungojeshwa!” Sajenti wa watu akafungua mbio mbio. Wakatoka wote wakaenda kukaa uani wakaota jua. Sikatai, hakuna aliyetoroka. Walikaa tu, mmoja akamsuka mwenzake nywele. Lakini hebu fikiria wangetoroka.

Tangu siku hiyo nimempa Sajenti amri nzito. Sauti yoyote itakayotoka mle ndani, hata ikiwa yangu, hata ikilia, hata ikitishia kumfukuza kazi, aipuuze. Na asije ofisini kunisumbua kwa kuuliza uliza kama nipo. Asikilize redio yangu tu. Redio ikisema, ajue Mama yuko kazini. Sajenti ameishika amri hiyo kama sala, na nimemwahidi cheti.

2. Kuhusu vitambulisho. Vyote viko ndani ya sanduku la chuma chini ya meza yangu. Humo viko salama dhidi ya panya, dhidi ya unyevu, na dhidi ya wenyewe. Unajua mtu akiwa na kitambulisho chake mkononi anavyoanza kujiona. Mara anauliza stendi iko wapi. Mimi nawapunguzia mawazo, na wote wanajua kwamba siku wakihitimu watarudishiwa.

3. Kuhusu simu sina maneno mengi. Simu inamchanganya mtu akili. Anapiga nyumbani, analia, mama yake naye analia, kesho yake mshono unapinda. Simu zao nazo zimo sandukuni.

4. Kuhusu kazi. Mnaandika “kazi asiyoichagua” kana kwamba duniani kuna watu waliochagua! Hapa kila anayeokolewa anafundishwa kushona. Tunaye mmoja aliyekuwa fundi umeme kabla ya masaibu yake, na sasa anatia vifungo vizuri sana, ingawa kila taa ikikatika anaikodolea macho kwa huzuni. Mwingine alisema anataka kurudi kwenye biashara yake ya mboga. Nikamkalisha, nikamweleza taratibu kwamba kuuza mboga ni jambo jema lakini si kuokolewa, maana halina cherehani. Aliinuka akarudi kwenye cherehani yake, nami nikaona somo limeingia.

Na kwa taarifa yako, Mheshimiwa, hivi sasa wanashona makoti ya bluu ya wahudumu wa milango ya ukumbi wenu. Ndiyo, ukumbi huo huo mtakaojadilia kifungu cha nne. Sisemi hivi kwa kumtisha mtu. Nasema tu kwamba muswada ukipita, wahudumu wako watakuwa wanawafungulia milango wakiwa wamevaa ushahidi, na ingekuwa aibu kwetu sote. Makoti yako tayari isipokuwa vifungo, na gari lenu litakuja kuyachukua leo mchana.

5. Kuhusu kukatazwa kuondoka. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hili limenikosesha usingizi na nataka ujue kwamba mimi nina moyo.

Yule Kasuku niliyemtaja alichukuliwa kwao pamoja na mdogo wake, na wakala mmoja, kwa ahadi ile ile ya duka la vitambaa. Polisi walipovamia mtaa alikowapeleka, Kasuku alikamatwa akaletwa kwangu. Mdogo wake hakukamatwa. Bado yuko kwenye nyumba ya yule wakala. Wakala mwenyewe sasa ana kesi, yuko nje kwa dhamana, na kesi hiyo inasikilizwa kesho asubuhi. Shahidi aliyekubali kusimama ni Kasuku peke yake, wengine wote wameingiwa na woga. Mwendesha mashtaka alikuja mpaka hapa kuniambia, kwa ukali usio wa lazima, kwamba Kasuku asipofika kesi itafutwa, na yule bwana atarudi nyumbani kwake akipiga mluzi. Nyumbani kwake ndiko aliko yule mdogo mtu.

Sasa wewe niambie ningefanya nini. Kasuku hajahitimu. Vifungo havijaisha. Njia ya kwenda mahakamani inapita mbele ya baa, na mimi nawajibika kwa roho yake. Tena kule mahakamani atayarudia maneno ya yule mwanamume kwa sauti ile ile ya yule mwanamume, mbele ya hakimu, na ninavyomjua mambo yatakuwa mazito. Kwa hiyo sikumkataza. Nimemwahirishia tu. Wito wake wa mahakama nimeuweka mahali salama, kwenye sanduku lile lile, usije ukapotea.

Kila asubuhi anagonga mlango. Hapigi ngumi, anagonga kwa kiganja, pole pole, na kuita, “Mama, mdogo wangu. Mama, mdogo wangu.” Mheshimiwa, mimi si jiwe. Ile sauti inaniumiza sana, kiasi kwamba nimelazimika kuongeza sauti ya redio.

6. Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Mnataka wanawake wasikamatwe tena. Basi nani ataniletea? Utaratibu uliopo hauna kasoro: polisi wanavamia, wanawake wanapakiwa kwenye karandinga, karandinga linafika getini kwangu, nami nawapokea kwa nyimbo. Bila kukamatwa hakuna kuokolewa. Au mnataka nisimame barabarani niwaombe? Nilishajaribu, nisije nikaambiwa sikujaribu. Nilimsogelea dada mmoja pale kwenye kona ya duka la dawa nikamuuliza kwa upendo kama angependa kuokolewa. Akaniuliza kama mlango wa kwangu unafunguka kwa ndani. Swali gani hilo, jamani, kwa mtu anayekunyooshea mkono? Nikaona bado hajawa tayari nikaenda zangu.

Vile vile nawasihi msiwakomeshe mawakala kwa ghafla. Usinielewe vibaya, nawachukia kupita kiasi. Lakini wakiisha wote kwa mpigo, makazi kama yangu yatabaki na cherehani tupu, na cherehani zile ni za msaada. Wapunguzwe kwa awamu, kwa kushauriana na wadau, ili sote tujipange.

7. Sipendi mtu anayelalamika bila kuleta pendekezo, kwa hiyo naleta yangu. Kila mahali palipotajwa kufungia, kushika vitambulisho au kulazimisha, paongezwe maneno “isipokuwa kwa nia njema.” Nia njema hiyo ithibitishwe na mwenye nia mwenyewe, kwa sahihi na mhuri. Mwanamke akidai kwamba anashikiliwa bila hiari yake, dai hilo lichukuliwe kuwa dalili kwamba bado hajaokoka sawasawa, na muda wake uongezwe. Akinyamaza, ihesabike ameridhika.

Tena, nikifikiria zaidi, kwa nini tungoje mpaka mtu apatwe na mabaya? Kinga inawezekana. Mwanamke yeyote anayetoka kwake wakati anaotaka, akaenda anakotaka, na kitambulisho chake mkobani, huyo yuko hatarini tayari, ila hajui. Naomba sheria iniruhusu nimfungie mapema, kwa upendo, kabla wabaya hawajamfungia. Tuanze na mtaa mmoja kwa majaribio. Hata waheshimiwa wa kike wa kamati yako, wakijisikia kuchoka, wanakaribishwa. Karibu na dirisha kuna hewa safi.

Nimemaliza. Ili usidhani haya ni mawazo yangu peke yangu, nakwenda sasa hivi kwenye chumba cha kushonea nikawasomee akina dada barua hii neno kwa neno, nao waweke sahihi zao hapo chini kwa hiari yao. Sitakawia, redio nimeiacha inasema.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, karani wenu mwenye miwani, dereva, anayewapikia chai, na familia yako nzima kuanzia mkubwa hadi anayenyonya. Waambie Mama Mlezi anawaombea usiku na mchana.

Wako katika kazi ya kuokoa watu, wapende wasipende,

Mama Mlezi
Mkurugenzi na Mwanzilishi

Nyongeza baada ya sahihi:

Mheshimiwa, samahani kwa mwandiko. Kalamu imebaki ofisini, naandikia penseli ya kuchorea vitambaa.

Nilifungua mlango mwenyewe, nikaliacha kufuli likining'inia kwenye komeo na ufunguo wake, nikaingia na barua yangu. Sikuwa nimemaliza hata salamu, nikasikia kufuli likibanwa. Sajenti alikuwa kwenye mzunguko wake. Amekuta kufuli liko wazi, amelifunga, ameondoka na ufunguo, kama nilivyomfundisha.

Nimemwita. Nimemwita kwa upole, halafu kwa ukali, halafu nimemwambia kazi hana. Amecheka mpaka akakohoa. Amesema, “Kasuku, leo umempatia Mama kabisa, mpaka ule mkwaruzo wa kooni!” Nikamwambia aende basi ofisini akahakikishe. Akajibu kwamba Mama yuko kazini, redio inasema, na yeye si mjinga wa kwenda kumsumbua. Nilipolia, akaniambia kupitia mlango kwamba hata kulia aliambiwa nitalia. Nimeshindwa hata kumkasirikia. Katika maisha yangu sijawahi kuona mfanyakazi mtiifu kiasi hiki.

Nikaona nisipoteze muda, nikawasomea barua. Nilipofika kwenye vitambulisho na simu, Kasuku akasimama. Akaweka mikono kiunoni, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, laini, yenye asali. Ikasema, “Vitambulisho nakuwekea mimi, ni kwa usalama wako. Mlango naufunga kwa faida yako. Simu itakuchanganya akili. Tulia ufanye kazi, siku moja utanishukuru.” Niligeuka kuangalia nani ameingia. Kisha bila kupumzika akayarudia yote kwa sauti yangu, na wallahi, Mheshimiwa, hakubadilisha hata neno moja. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitafuta pa kucheka sikupaona.

Hakuna aliyeweka sahihi, nami sikuwasukuma.

Maji yamenifika shingoni, basi nisikufiche kitu. Nimeugonga mlango huu kwa ngumi mpaka ngumi zikachoka, na sasa nagonga kwa kiganja. Kumbe watu wanagonga kwa kiganja kwa sababu ngumi zimeshauma. Fundi umeme amenipisha kiti chake. Kasuku ameniletea maji, akaniambia kwa upole, kwa sauti yake mwenyewe ambayo sikuwahi kuisikiliza vizuri, kwamba siku ya kwanza ndiyo ngumu.

Kitu pekee ambacho Sajenti anaruhusiwa kupokea kutoka humu ni nguo zilizokamilika, kupitia kidirisha. Kwa hiyo tumekaa sote kutia vifungo, na mimi nimetia vyangu, vimepinda. Barua hii nikiimaliza, Kasuku ataishonea ndani ya mfuko wa koti la mhudumu wa mlango wa kamati yako. Akiingiza mkono atakutana nayo.

Naomba, kwa unyenyekevu, namba moja hadi namba saba zifutwe zote. Kifungu cha nne kipitishwe kama kilivyo, msiongeze neno wala msipunguze, na kama kuna namna, kipitishwe leo leo. Pia naomba mtume mtu mwenye mkasi wa kukatia chuma. Msihangaike kuja na karatasi, Sajenti hataamini karatasi.

Mkifika, mtoeni Kasuku kwanza. Wito wake uko kwenye sanduku chini ya meza yangu, ufunguo wa sanduku uko kwenye msumari nyuma ya kalenda. Mpelekeni msimwache mpaka asimame mbele ya hakimu asubuhi, halafu mkamchukue mdogo wake. Wenzake nao wapeni vyao, waende wanakotaka. Mimi naweza kungoja.

Ila yeyote atakayepita ofisini kwangu, namwomba sana, azime ile redio. Muda wote huu nilidhani inazuia sauti zao zisinifikie mimi. Sikujua kwamba wao huku ndani wanaisikia yote.